Rivyuu ya kifurushi cha "fuga nyumbani", kuku 12 na kizimba: miezi saba, nyota 3

Habari zenu wafugaji wa uani na mnaotaka kuwa. Hii nimeichelewesha makusudi, maana naona watu wanatoa nyota tano siku hiyohiyo kuku wanashushwa kwenye gari, kuku hata maji hajanywa. Mi nimekaa nao toka Novemba mpaka sasa Juni ndo naandika. Muuzaji simtaji jina, na wala sio tapeli, alichoahidi kwenye tangazo kakileta chote, shida yangu na yeye ni nyingine kabisa na itachukua maneno kidogo kuieleza.

Kifurushi chenyewe ni hivi. Laki nne na themanini unapata matetea 12 wa wiki 16, kizimba cha chuma cha ngazi mbili, kiroba kimoja cha chakula cha kilo 50, kichupa cha vitamini, na unaletewa mpaka getini. Tangazo lilikuwa tamu, "achana na mayai ya viwandani, fuga kiasili, jua unachokula". Maneno hayo yalinikuta pabaya kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimemsindikiza shemeji kuchukua mabroila ya shughuli kwenye mabanda ya jamaa mmoja njia ya Kibaha huko, aisee. Unafungua mlango harufu inakuchoma macho mpaka machozi, kuku wa wiki ya tano ana karibu kilo mbili na kalala kifua, ukipita katikati yao hawakimbii, anasogea hatua mbili anakaa tena, miguu haimbebi. Shemeji akaniambia "si unaona, hawa wanachomwa sindano". Hapana bwana, hamna sindano pale, ni mbegu imechaguliwa vizazi na vizazi ili ikue haraka, na chakula kizito, na taa inawashwa mpaka usiku waendelee kula. Hebu fikiria kumshika kuku mmoja mmoja kwenye banda la kuku elfu tano umchome sindano, utahitaji mtaa mzima. Lakini nilivyorudi nyumbani ile pilau ya shughuli sikuila na kuku, nilichukua wali na kachumbari tu.

Kwa hiyo nikalipa.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilifika kwetu Kimara Temboni, Dar, saa nne asubuhi kama walivyosema, na njia ya kwetu mnaijua, hapo peke yake nawapa nyota. Kijana aliyekuja na mzigo ana adabu zake, "boss wangu nikufungie wapi", akafunga kizimba chini ya bati pembeni ya ukuta, akaning'iniza ndoo nyeusi ya maji juu, akanionesha chuchu za maji jinsi kuku anavyodonoa tone linatoka. Uchomeleaji safi, hamna ncha ya kukukata mkono, sakafu ya waya imeinama kidogo ili yai likitoka libiringike lije mbele lenyewe, halichafuki. Kuku walipofika wiki 19 tukapata yai la kwanza, dogo kama la kanga, na kamstari ka damu. Binti yangu wa darasa la pili ndo alilikuta, alilishika kwa mikono miwili mpaka jikoni kama mtu kabeba simu mpya ya mwenzie. Baada ya wiki tatu nne tukawa tunaokota tisa mpaka kumi kwa siku. Na kwa wanaouliza, hapana, jogoo hahitajiki, jogoo ni wa kuangulisha, yai la kula kuku anataga mwenyewe.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanadanganyana. Kuku mmoja wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, kuku 12 ni karibu kilo moja na nusu, kiroba kinaisha kwa siku kama 35. Mi nanunua 68,000. Kwa siku hizo 35 napata trei 11, kwa hiyo trei moja inanigharimu kama 6,200 ya chakula tu, wakati trei sokoni nanunua 9,000. Nachookoa kwa kiroba ni kama elfu 31. Gawanya laki nne na themanini kwa hiyo elfu 31 uone, ni viroba 15 na ushee, yaani mwaka na nusu ndo hela ya kifurushi irudi, na kuku hawa wanataga vizuri kama miezi 13 au 14 tu halafu wanaanza kushuka. Ukiuza kuku wazee mwishoni ndo unakaribia kurudisha. Hapo hujahesabu kuku aliyekufa, maranda, wala muda wako wa kuamka saa kumi na moja. Kwa hiyo atakayekwambia ufuge kuku kumi uani ili upate mayai rahisi, mwambie atoe kalkuleta. Mi sikununua kwa urahisi, nilinunua kwa ile "jua unachokula".

Na hapo ndo palipoanza kuniuma.

Mama mkwe alikuja Januari kutoka Singida, na mtu wa Singida kwenye mambo ya kuku humdanganyi. Nikamkaangia mayai kwa mbwembwe, mama haya ni ya hapahapa nyumbani. Akalitazama, akalikata na uma, kiini cheupe-cheupe kile, akaniambia "baba, hili si ndo lilelile la dukani?" Nikacheka lakini maneno yakaniingia. Ni kweli, kiini ni kilekile cha yai la kwa Mangi. Rangi ya kiini inatoka kwenye anachokula kuku, majani mabichi na mahindi ya njano, na mahindi yetu sisi ni meupe, kwa hiyo kuku wa kiroba kiini kinakuwa kimepauka. Rangi sio virutubisho, najua, na wapo wanaotia rangi kwenye chakula kiini kiwe cha njano wauze kwa bei ya kienyeji. Ila swali la mama mkwe halikuwa la rangi. Nikaanza kuhesabu kichwani: mbegu ni ileile ya kwenye mabanda makubwa, chakula kilekile, midomo imekatwa ncha vilevile ili wasidonoane, kizimba kilekile. Kilichobadilika ni ukuta tu, zamani kilikuwa Kibaha sasa hivi kipo nyuma ya choo changu.

Nikachukua futi ya fundi nikapima. Kizimba kina vyumba vinne, kila chumba kuku watatu, sentimita 40 kwa 40. Ni kama sentimita za mraba 533 kwa kuku mmoja. Chukua karatasi ya A4, ile ya kuprintia barua ya kuomba kazi, ni kubwa kuliko hapo, ina 623. Kwenye Umoja wa Ulaya vizimba vitupu vya namna hii vilipigwa marufuku kuanzia Januari 2012, na hata kabla ya marufuku kipimo cha chini kilikuwa 550. Yaani cha kwangu cha kufugia "kiasili" kisingepita hata kwenye kipimo cha kile walichokikataa. Kuku hawezi kukunjua bawa moja. Nilikaa kwenye kindoo nikawaangalia nusu saa, mmoja alikuwa anachakura ile waya kwa mguu, anachakura, anarudi nyuma anaangalia kama kuna kitu kimetoka, anachakura tena. Waya.

Halafu dawa. Kwenye karatasi ya maelekezo wameandika kila mwezi weka OTC kwenye maji siku tano "kwa ajili ya kinga". Nikampigia muuzaji, nikamuuliza na mayai ya siku hizo je? "Kula tu boss, hayana shida." Nikaenda duka la dawa za mifugo Mbezi, dada wa pale akanigeuzia pakiti akanionesha palipoandikwa siku za kusubiri. OTC ni antibayotiki, sio vitamini, unatoa kuku akiumwa na umeelekezwa na mtaalamu, na mayai ya siku za dawa pamoja na zile za kusubiri hayaliwi. Ukimpa kila mwezi kuku mzima unafuga usugu wa dawa, siku mtoto wako akiumwa tumbo dawa ya familia hiyohiyo inaweza kugoma. Sasa hili ndo lililonikera kuliko yote kwenye huduma hii, maana mtu ananiuzia hofu ya mayai ya viwandani halafu ananipa na maelekezo ya kiwandani, tena mabovu, mashamba makubwa yaliyo makini yana daktari wao angalau.

Chanjo nayo, aliniambia wamechanjwa wote, kadi hana. Kideri (wengine mnaita mdondo) hakisikilizi maneno ya mdomo, kikiingia uani unaamka una banda tupu. Nikanunua chanjo mwenyewe, kichupa kimoja kinatosha kuku zaidi ya mia, kwa hiyo tulichanga majirani wanne. Angalizo, msichanganye na maji ya bomba, ile klorini inaua chanjo, tulitumia ya kisima, na kuku unawanyima maji kwanza kama masaa mawili ili yakija wayanywe haraka.

Februari ndo nikapoteza mmoja. Mnaijua Februari ya Dar, na mimi nina kizimba chini ya bati. Saa nane mchana nimetoka kazini mapema nakuta wote midomo wazi wanahema, mabawa wameyaachia, nagusa ile ndoo nyeusi maji ya moto unaweza kukorogea uji. Wa ngazi ya juu kona ya ukutani alikuwa ameshaanguka. Kuku hana jasho, anajipoza kwa kuhema na kusogea kivulini, sasa huyu kivulini angesogea vipi na nimemfungia. Nikampigia kijana, akanipa pole, akanishauri niongeze feni. Feni! Kwa umeme wa token nilionao.

Jumamosi iliyofuata nikaita fundi, tukazungushia wavu wa kuku upande wa nyuma, mita nne kwa tano, bati nusu na nusu wazi, maranda chini, fito mbili za kulalia, kreti tatu za zamani ndo viota. Kama laki moja na nusu hivi. Nikafungua kizimba. Hawakutoka. Nikawatoa mmoja mmoja kwa mkono, na yule wa kwanza nilivyomuweka chini alisimama mguu mmoja juu, hataki kuushusha, kama kakanyaga kaa la moto. Hajawahi kukanyaga mchanga maisha yake yote. Walikaa wamesongamana kona moja mpaka jioni, watatu watatu vilevile, nusura nilie. Siku ya tatu nimerudi nakuta mmoja kalala ubavu kwenye shimo anajimwagia vumbi mabawani, mguu kaunyoosha huko, nikadhani anakufa, kumbe anaoga. Nani alimfundisha?

Mayai yalishuka kama wiki moja halafu yakarudi, sasa hivi kuku 11 wananipa nane, siku nyingine tisa. Nawapa matembele na mchicha, lazima uwakatie vipande vidogo kwa sababu na hiyo midomo iliyokatwa hawawezi kuchana jani. Chakula cha kiroba kimepungua kidogo, sio sana, msidanganywe. Mchicha napanda mwenyewe kwenye viroba vilevile vya chakula, mbolea naiacha ioze kwanza maana mbichi inaunguza mizizi, na toka hapo sijanunua tena ule wa kumwagiliwa maji machafu ya bonde la Msimbazi. Kiini cha yai sasa ni cha njano. Mama mkwe nimemtumia picha, amejibu "haya sasa".

Uani nako sio peponi. Kunguru! Hawa kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kula taka, wakavuka wakaja kula mayai yangu. Wanajua saa ya kutaga kuliko mimi, kuku akilia tu kutangaza yai, wawili wameshatua kwenye ukuta. Nimelazimika kufunika na juu. Maranda yakilowa harufu inakuja na kuku wanaanza kuhara damu, kwa hiyo kila wiki nageuza na kubadilisha, na jirani nampelekea mayai sita kila Jumapili, tuite kodi ya harufu.

Nyota basi. Kuku wazima wa umri ulioandikwa, usafiri, adabu, uchomeleaji, hapo nampa tatu bila kinyongo. Mbili nimekata kwa OTC na kwa lile neno "kiasili". Kama mnataka kununua kwake chukueni kuku peke yao, anauza 16,000 mmoja ukichukua zaidi ya watano, dai kadi ya chanjo kabla hujalipa, na hela ya kizimba kanunueni wavu na fito.

Kizimba changu kipo bado, mama watoto anaanikia masufuria, na ule mteremko wa kubiringishia mayai umekuwa mzuri sana kwa kuchuja maji ya vyombo.