Stenti Inayoyeyuka: Uzoefu Wangu Baada ya Miaka Kadhaa

Nimewekewa stenti mbili, yaani vijibomba vya wavu vinavyoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi: moja ya chuma na moja ya kuyeyuka, tena kwenye mshipa mmoja. Ya chuma niliwekewa Nairobi mwaka 2014, baada ya kuanguka dukani nikimpimia mteja seng'enge. Mwaka 2019 mshipa uleule wa kushoto ukaziba tena, chini kidogo ya pale pa kwanza. Safari hii tulienda Chennai, India, na huko nikawekewa Magmaris, ambayo ni ya magnesiamu.

Nauza paipu na vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, kwa hiyo daktari aliponieleza kuhusu kunyumbuka kwa mshipa sikuhangaika kuelewa. Mpira wa kumwagilia bustani ukifungulia maji kwa nguvu huvimba kidogo, na ukiupinda unapinda. Ingiza ndani yake kipande cha paipu ya chuma: pale hauvimbi tena wala haupindi, na ukianza kuchakaa mara nyingi huanzia palepale chuma kinapoishia. Mshipa wa moyo nao ni hivyo. Ukuta wake una misuli inayotanuka moyo unapotaka damu zaidi na kusinyaa unapopumzika. Chuma huushikilia wazi, lakini huufunga usicheze. Msaada wa stenti unahitajika hasa miezi ya mwanzo, kidonda cha ndani ya mshipa kinapopona. Baadaye chuma kinabaki tu. Hii ya magnesiamu hushikilia kwa miezi hiyo, kisha karibu yote huisha ndani ya takriban mwaka mmoja.

Hayo nilikuwa nimeambiwa tu. Kuyaona niliyaona mwaka 2023, nilipofanyiwa angiogramu ya kufuatilia, yaani picha za mishipa ya moyo. Katheta, mrija mwembamba, iliingizwa kupitia kifundo cha mkono, nami nikawa nimelala nikitazama skrini. Daktari akaniambia, "Mzee, angalia hapa." Ya chuma ilionekana kama kivuli cha wavu mwembamba. Ile nyingine haikuonekana kabisa, isipokuwa alama mbili ndogo za tantalamu, moja kila upande, kuonyesha ilipokuwa. Kila moyo ulipopiga, mshipa kati ya alama hizo ulijipinda na kujinyoosha pamoja na moyo. Pale penye chuma palibaki pamenyooka, kama kijiti kilichobebwa na maji. Kisha akapitisha naitrogliserini, dawa ya kulegeza mishipa, akapima upya. Kati ya zile alama mshipa ulikuwa umetanuka, sehemu ndogo tu ya milimita. Kwenye chuma, hata kidogo. Machozi yalinitoka pale mezani, na sioni haya kusema.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu akauze shamba kwa maneno yangu. Mwilini sihisi tofauti yoyote. Napanda ngazi sasa kama nilivyopanda na ile ya chuma. Bei ilikuwa juu zaidi na bima yangu ilikataa kulipia nyongeza. Vijiti vya wavu wa stenti hii ya magnesiamu ni vinene kuliko vya stenti nyingi za chuma za siku hizi, kwa hiyo daktari hana budi kupima mshipa vizuri na kutanua kwa puto kabla na baada ya kuiweka. Wenye mishipa midogo sana huambiwa haiwafai. Tena kuna historia: stenti nyingine iitwayo Absorb, iliyotengenezwa kwa plastiki inayoyeyuka, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na mwaka uliofuata kampuni ikaacha kuiuza baada ya utafiti kuonyesha damu iliganda ndani yake mara nyingi kuliko ndani ya zile za chuma.

Ndiyo maana dawa za kuzuia damu isigande si za kuchezea. Miezi minne baada ya kurudi nyumbani, kliniki moja ya meno hapa mjini iliniambia niache klopidogreli na aspirini wiki nzima ndipo waning'oe jino. Nilikuwa karibu kukubali. Binti yangu akanipokonya karatasi, akampigia daktari wa moyo, naye akakataa katakata. Jino liling'olewa dawa zikiwa mwilini, nikauma pamba mpaka jioni, damu ikakata.

Siku ile ya angiogramu nilimwuliza daktari kama ile ya chuma nayo inaweza kutolewa, mshipa wote ucheze. Akanishika bega. Ukuta wa mshipa umeshaifunika, akasema; hiyo ni yako, Mzee.