Uzoefu wangu: kupimiwa moshi wa bluu wa Forester ya turbo

Gari langu, Subaru Forester ya mwaka 2006 yenye injini ya EJ205 ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini), lilianza kutoa moshi wa bluu mwezi wa Ramadhani. Asubuhi nilipoliwasha halikutoa kitu, lakini baada ya kukaa muda mrefu kwenye taa za Magomeni, Dar es Salaam, katika ile foleni ya watu wanaowahi futari, nikikanyaga mafuta tu wingu lilitanda nyuma yangu. Gereji ya kwanza niliyokwenda iliutazama moshi huo kwa nusu dakika, ikatamka kwamba turbo imekufa, na ikanitajia shilingi 900,000 za turbo ya mtumba pamoja na ufundi. Nilisita kwa sababu moja tu: gari lilikuwa bado linavuta kama siku zote.

Nikaenda kwa fundi mwingine, maeneo ya Gerezani, anayetoza shilingi 50,000 kwa kupima peke yake, hata kama hutatengeneza kwake. Kabla hajafungua boneti aliniuliza moshi unatoka wakati gani, oili inapungua kwa kiasi gani, na kama maji ya rejeta nayo yanapungua. Maji yangekuwa yanapungua na moshi ukawa mweupe, mzito, wenye harufu tamu, angeanzia kwenye gasketi ya silinda hedi. Ungekuwa mweusi, angetafuta kinachozidisha petroli. Kwa moshi wa bluu, alisema, ule unaotoka asubuhi kisha ukakoma humfanya ashuku sili za valvu, na ule usiokoma kila unapokanyaga humpeleka kwenye ringi za pistoni.

Alipima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo, dalili kwamba ringi za pistoni hazikuwa tatizo. Kisha akafungua bomba la hewa, akaishika shafti ya turbo kwa vidole: ilicheza kidogo sana upande kwa upande, jambo la kawaida kwa kuwa shafti hiyo huelea juu ya oili, lakini haikwenda mbele na nyuma hata chembe. Ndani ya mabomba ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) mlikuwa na utando mwembamba tu wa oili, kwa hiyo turbo haikuwa imekufa.

Jibu lilipatikana alipolegeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, kikasukumwa juu na pumzi ya ndani. Vali ya kupumulia injini, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani yake, ilikuwa imeganda kwa tope la oili (alipoitikisa sikioni mwangu haikulia hata kidogo, ilhali nzima hulia), na mpira wake ulikuwa umeziba nusu. Sikujua hadi siku hiyo kwamba sili za turbo si za mpira bali ni ringi nyembamba za chuma, na kwamba oili inayoilainisha turbo hurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu. Injini isipopumua, oili hiyo hukosa njia ya kurudi, ikajaa na kupenya upande wa eksozi hasa gari likiwa limesimama, halafu ikaungua unapokanyaga. Turbo mpya nayo ingetoa moshi uleule.

Vali, mipira na oili mpya vilinigharimu shilingi 130,000 juu ya ada ya kupima. Moshi uliendelea kwa siku mbili, kama alivyonitahadharisha, mpaka oili iliyobaki kwenye eksozi ilipoungua yote. Tangu hapo nimetembea kilomita 2,300 na sijauona tena.

Kasoro zipo. Nilifika saa mbili asubuhi na gari likaguswa baada ya adhuhuri, hakuna karatasi ya majibu, hivyo ilinibidi nipige picha geji ya kompresheni mwenyewe, na klipu moja ya mpira iliachwa imelegea hadi oili ikaanza kutoa jasho, nikalazimika kurudi ikazwe. Aliikaza bure, lakini safari ya kurudi Gerezani ilinila nusu siku. Nyota nne kati ya tano.