Uzoefu wangu: klachi ya "kobe zote" na fundi wa kukereza wa Nyakato

Napima vitu viwili hapa. Cha kwanza ni seti ya klachi niliyouziwa kwa maelezo kwamba inaingia kwenye Volkswagen kobe zote, ya mwaka wowote. Cha pili ni kazi ya mzee mmoja anayekereza vyuma huku Nyakato, Mwanza. Seti naipa nyota moja. Mzee nampa nne, na hiyo ya tano nitaeleza imeishia wapi.

Gari ni Beetle, yaani kobe, ya marehemu baba. Kaka zangu walitaka iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mimi nikagoma. Bodi ni nzima ajabu. Gari lililozeekea Mwanza haliliwi na chumvi kama la Tanga, maana ziwa letu ni maji baridi, na baba naye hakuwahi kuliacha nje bila turubai. Ugonjwa wote ulikuwa nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Stata ilikwaruza na mara nyingine iling'ang'ania. Gia ya kwanza iliingia kwa kelele hata ukikanyaga klachi mpaka sakafuni. Injini yenyewe haikukaa sawasawa. Palikuwa na mwanya ambao gereji ya kwanza waliumaliza kwa kukaza nati mpaka ukafunga. Baada ya hapo ukishika puli na kuizungusha kwa mkono unasikia uzito usio wa kawaida na kitu kikisaga ndani.

Mzee wa Nyakato hakushika spana kwanza. Alinyanyua kiti cha nyuma, akafuta vumbi juu ya tuta la katikati na kusoma namba ya chesisi. Kisha akaenda kwenye injini, akamulika chini ya dainamo na kusoma namba nyingine. Akaniambia, "Mwanangu, gari hili lina vitambulisho viwili."

Chesisi inaanza na 115. Kuanzia modeli ya 1965 Volkswagen waliweka mwaka kwenye tarakimu ya tatu, kwa hiyo hilo 5 ni 1965: gari la volti 6 lililotoka kiwandani na injini ya cc 1200. Injini iliyomo inaanza na herufi AD, yaani 1600 ya miaka ya sabini, volti 12. Kuna wakati baba alibadilisha injini akaacha giaboksi ileile. Boliti nne zinaoana bila shida, ndiyo maana kila fundi anaamini kazi imekwisha. Balaa liko ndani.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalobeba klachi na kuzungushwa na stata, ile ya zamani ya volti 6 ina meno 109. Hii ya 1600 ina meno 130 na ni pana zaidi, na hauzingi (ganda la chuma) ya giaboksi ya 1965 haikutengenezewa upana huo. Mzee alishusha injini, akapaka rangi kwenye mbavu za ndani ya hauzingi, akairudisha kwa mkono bila kukaza chochote, akazungusha, akaishusha tena. Pale rangi ilipofutika ndipo palipogusa. Akapanyoa kwa tupa, polepole, huku shafti ya giaboksi imezungushiwa matambara. Nilimuuliza kwa nini asitumie grainda amalize haraka. Alinijibu kwamba hauzingi hii ni aloi ya magnesi, unga wake ukipata cheche unawaka, na ukiuwagia maji unazidi. Kando yake palikuwa na ndoo ya mchanga mkavu. Gereji ya kwanza hawakuwa na tupa wala mchanga, walikuwa na nguvu tu. Injini ya kobe inatakiwa iteleze kwa mkono mpaka nyuso mbili zigusane, nati zije baadaye. Ikikataa, kuna kitu kimeizuia.

Stata ilikuwa na kisa chake. Ncha ya shafti ya stata kwenye gari hili inaegemea bushi, kibomba kifupi cha chuma kilicho ndani ya hauzingi. Bushi ya volti 6 ina tundu la milimita 12.5, na shafti ya stata ya volti 12 ni kama 10.9. Zaidi ya milimita moja na nusu ya uwazi! Ndiyo maana ilikuwa ikiyumba na kuuma meno vibaya. Mzee alikereza bushi mpya ya shaba, akailaza kwenye oili usiku kucha, akaigonga taratibu mahali pake. Alinitoza 20,000. Tangu hapo stata inashika mara moja na kuachia mara moja. Hii peke yake ingetosha kunirudisha kwake.

Sasa hiyo seti. Mfumo wa klachi wa Beetle ulibadilika kwenye modeli ya 1971. Giaboksi za kabla ya hapo zina beringi inayoning'inia kwenye uma, na presha pleti yake (bamba linalobana sahani ya klachi) ina pete katikati ya kupokea beringi hiyo. Za baadaye zina bomba la kuongozea beringi, na presha pleti haina pete. Mimi niliuziwa seti ya baadaye kwa giaboksi ya zamani. Beringi haikukaa kwenye uma kabisa, na mtu angefunga presha pleti ile na beringi ya zamani, beringi ingekwenda kusaga vidole vya chuma moja kwa moja. Muuzaji, nilipomrudia, alisema "dada, mafundi wako hawajui kufunga". Pesa haikurudi. Yenye pete niliipata baadaye kwa mtu mwingine, na sahani ya klachi ya milimita 200 ya seti ile ile ndiyo pekee iliyotumika.

Kwa kuwa flaiwili ilishatoka, mzee alipima pia mchezo wa krenkishafti (shafti kuu ya injini) wa mbele na nyuma. Unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na unarekebishwa kwa washa (visahani vyenye tundu) tatu nyembamba nyuma ya flaiwili. Nati ya katikati, ya spana 36, inataka nguvu ya kukazia ya nyutoni-mita (Nm) 300. Spana ya kupimia nguvu hiyo hana. Alichukua bomba, akapima mita moja kutoka kwenye nati, akaning'iniza kiroba cha mchanga cha kilo 30 alichokipima kwenye mzani wa duka la jirani. Nilicheka, lakini hesabu ni sahihi.

Gari lilipowaka mara ya kwanza lilitetemeka wakati wa kuondoka. Akaongeza washa kwenye ule mrija wa kebo ya klachi karibu na giaboksi, kwa sababu unatakiwa ulegee kidogo, sentimita mbili na nusu hadi nne na nusu, na wetu ulikuwa umenyooka. Mtetemo ukaisha. Tulikwenda kulijaribu kwenye mlima wa Bugando, nikalisimamisha katikati ya mwinuko na kuondoka kwa gia ya kwanza. Liliondoka kimya.

Nyota ya tano imeishia kwenye neno "kesho". Mzee haandiki risiti, hapokei simu akiwa kwenye mashine, na tarehe anayokupa uichukulie kama salamu tu. Taa na honi hagusi, kwa hiyo honi yangu bado ni ile ya volti 6 na hata kuibonyeza naogopa. Ukimpelekea gari, pitia kwa fundi umeme kwanza, na nenda na spea za zamani ulizozitoa, hata zilizochakaa, kwa sababu bila kuziona haanzi kukereza chochote.