Miezi minne navuta mkaratusi bila moshi

"Mwanangu, hiyo si bangi kweli?" Ndivyo mama alivyoniuliza kwenye simu ya video, aliponiona nimeshika kidude cheusi natoa mvuke puani. Sikumlaumu. Hapa Hamburg wengi wanaonunua vepoaiza, yaani mashine ya kupasha majani makavu mpaka yatoe mvuke, wanainunulia hiyo hiyo bangi. Tangu Aprili 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kutembea na hadi gramu 25. Mimi nilikuwa nimeacha sigara na mkono umekosa kazi. Nikanunua vepoaiza ndogo ya kushika mkononi, euro 139, na majani makavu ya mkaratusi kutoka duka la dawa.

Sigara ukiivuta, ncha yake hufika karibu nyuzi 900 na kila kitu kinaungua. Humu majani yanapashwa moto tu: yale mafuta yanayonukia yanaruka, jani lenyewe linabaki. Mkaratusi nauwekea nyuzi 130, maua ya kamomili yanataka 190. Ukimaliza unakung'uta majani ya kahawia yanayovunjika kama chai iliyosahauliwa juani. Majivu hakuna. Mapazia hayanuki, na mwenye nyumba hajabisha hodi hata mara moja.

Siku ya kwanza ilinuka mpira mpya, nikaiwasha tupu mara tatu ndipo ikatulia. Betri walisema mara nane kwa chaji moja. Mimi napata tano, na nikiwa nje kwenye baridi ni tatu. Kero kubwa ni chujio. Ni kipande cha waya uzito wa unyoya, kinaganda utomvu wa kunata, basi kila Jumamosi niko mezani na pamba na spiriti kama nasafisha bunduki. Nilipoagiza chujio za akiba, duka la mtandaoni likaniletea za modeli nyingine na gharama ya kurudisha wakanibebesha mimi. Nyota moja imeondokea hapo.

Halafu mtu wa Tanga ni mtu wa Tanga: nikajaribu karafuu. Nilisaga mbili tu. Pafu moja, ulimi ukafa ganzi, nikakohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Msijaribu. Na mafuta ya chupa msitie kabisa, mapafu hayana pa kuyapeleka. Mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 kule Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu ya kuvuta vepu, zile sigara za umeme, na aliyeshukiwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye katriji, vile vichupa vya mafuta ya bangi vya kuchomeka kwenye vepu.

Mwenye hela aangalie Volcano, ile ya mezani inayotengenezwa Tuttlingen na Storz & Bickel, ipo sokoni tangu 2000. Inajaza puto, unavuta kutoka kwenye puto, mvuke umeshapoa. Nilionjeshwa kwa rafiki. Yangu mdomo wake unachemka kuelekea mwisho.

Sasa mafua. Januari nilibanwa vibaya, nikaikimbilia mashine, koo likazidi kukauka. Mvuke wake ni mkavu, hauna maji, na pua iliyoziba inataka maji. Nikatoa sufuria, majani yale yale, nikajifunika blanketi kama bibi alivyokuwa akitufukiza, jasho likinichuruzika mpaka kwenye kidevu. Dakika kumi pua zikaachia. Mama nilipomsimulia akacheka: "Sufuria unayo siku zote, euro hizo ungenitumia mimi."

Hata hivyo siiuzi. Saa mbili usiku, baada ya kula, mkono ukianza kupapasa mfuko kutafuta pakiti, ndicho kidude kinachonitoa barazani na kunirudisha ndani bila sigara. Kwa kazi hiyo naipa nyota tatu na nusu. Wakiniletea chujio sahihi nitarudi kuziongeza.