Duka la tsuba la ghorofa ya pili Tokyo: mali nzuri, taa mbovu, nyota nne

Nianze na lile ambalo mtu anayetafuta pa kununua atataka kulijua kwanza: hapa unaruhusiwa kushika. Maduka mengine ya vitu vya kale Tokyo tsuba inakaa kwenye kabati la kioo limefungwa funguo, unaonyeshwa uso tu, ukiomba kuona mgongo wake unaanza kuangaliwa vibaya. Hapa mzee mwenye duka anakuelekeza kwanza kwenye sinki la pembeni ukanawe mikono ukauke vizuri, halafu anavuta droo nzima anaiweka mezani, anatandika kitambaa, anakupa lensi, kisha anarudi kwenye shughuli zake kana kwamba haupo. Kwa mtu anayependa hivi vitu hiyo peke yake inatosha kupanda zile ngazi.

Kwa ambao hawajazoea haya mambo, tsuba ni lile bamba linalokaa kati ya mpini na makali ya upanga wa Kijapani, mkono usiteleze ukakutana na chuma. Mara nyingi ni la duara au linakaribia duara, upana wake sentimita saba nane hivi. Na haliko peke yake, kuna menuki, vile vipambo viwili vidogo vinavyobanwa na uzi wa mpini, kuna fuchi na kashira yaani pete ya mwanzo wa mpini na kofia ya mwisho wake, na kuna kozuka ambayo ni mpini wa kakisu kembamba kanakochomekwa ubavuni mwa ala. Duka linauza hivi tu, panga zenyewe hakuna, na mimi naona wamefanya la maana maana upanga Japani lazima uwe na cheti cha usajili na kuutoa nje ya nchi ni mpaka kibali, lakini tsuba iliyo peke yake haina habari hizo, unalipa unaondoka nayo.

Watu huuliza hivi vitu vilitoka wapi vyote hivi vikiwa vimetengana na panga zake. Jibu kubwa ni mwaka 1876, serikali mpya ya mfalme Meiji ilipopiga marufuku watu kutembea na panga hadharani isipokuwa wanajeshi, polisi na wachache wengine. Ghafla samurai wakabaki na mali isiyo na kazi, mapambo yakauzwa, mengine yakaenda Ulaya na Marekani kwa wingi, ndiyo maana leo ukienda makumbusho ya Boston au London unakuta ya kutosha. Mafundi nao wakageukia vyetezo na vyombo vya mapambo. Kano Natsuo, huyu kwangu mimi ndiye fundi wa mwisho wa daraja lile, alikuwa ameshachukuliwa hata kabla ya amri hiyo kuchora nakshi za sarafu mpya za yeni. Yaani mkono uliokuwa unachonga maua kwenye tsuba ukaenda kuchonga dragoni wa kwenye pesa.

Sasa droo. Zimepangwa kwa madini, hazikupangwa kwa majina ya mafundi, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee. Droo ya juu ni chuma. Ya pili ni shakudo na shibuichi, michanganyiko ya shaba nitakayoieleza mbele, ya tatu ni shaba ya kawaida na shaba njano, na chini kabisa kuna boksi la vitu vilivyoharibika ambalo usilidharau.

Tsuba niliyonunua ilikuwa kwenye chuma. Ni ya kutoboa, korongo mmoja amekunja mabawa mpaka mabawa yenyewe yamekuwa ndiyo duara la tsuba, hakuna dhahabu wala njumu wala kitu chochote cha kung'aa, chuma na hewa tu. Mchoro huu unahusishwa sana na Higo, Kumamoto ya leo, ambako ukoo wa Hosokawa ulihamia mwaka 1632 na mzee wao Tadaoki, mtu aliyesoma sherehe ya chai kwa bingwa wake Sen no Rikyu mwenyewe, akawa analea mafundi wa tsuba kwa ladha yake ya utulivu. Fundi mkubwa wa kule ni Hayashi Matashichi, alifariki mwaka 1699, na kazi zake kwa kawaida hazina saini. Unaona hatari iliyopo hapo? Kitu kisicho na saini chenye korongo, muuzaji mwenye njaa angeshakuandikia Matashichi kwa herufi kubwa. Karatasi ya huyu mzee imeandikwa "Higo, Edo ya katikati" basi, yaani katikati ya enzi za Edo (1603 hadi 1868), na bei ikawa ya hivyo hivyo, yeni 85,000.

Nilikaa na hiyo tsuba muda mrefu sana kabla sijatoa hela na ningependa nieleze nilichokuwa naangalia maana ndiyo faida ya kuruhusiwa kushika. Kwanza kuta za ndani za matundu, zile sehemu ambazo picha haikuonyeshi, kama imekatwa kwa msumeno na tupa utaona pembe kali na kuta zilizonyooka, lakini kama ni nakala iliyosubiwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, pembe za ndani zinakuwa za mviringo, laini laini, na chini ya lensi unaona vishimo vidogo vya mapovu. Pili lile tundu la katikati unapopita mkia wa upanga. Kitu kilichotumika kweli kina makovu pale, alama za tindo zilizogongwa pembeni ili tundu libane, au vipande vya shaba nyekundu vilivyopachikwa juu na chini ili tsuba ikae sawa kwenye upanga mwingine, maana tsuba moja iliweza kuhamishwa upanga hadi upanga kwa miaka mia mbili. Yangu ina shaba juu na chini, ya juu imegongwa mara mbili kwa mikono tofauti kabisa. Tatu rangi ya chuma yenyewe, ile kahawia nzito inayoelekea zambarau, imekaa sawasawa mpaka ndani ya matundu. Kutu jekundu la vumbi ni habari nyingine, na weusi uliopakwa unaujua tu, unakuwa umelala juu juu na kwenye kona umejaa.

Kule kwenye minada ya mtandaoni tsuba za kusubu zimejaa kiasi kwamba nimeacha kuangalia kabisa chuma cha bei ya chini, picha zinapigwa kwa mwanga mkali kila kitu kinaonekana kina umri.

Droo ya shakudo ndiyo itakayokumaliza pesa. Shakudo ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, asilimia tatu mpaka tano hivi, na ukiitoa kwa fundi ni rangi ya shaba tu haina ajabu, lakini ikichemshwa kwenye maji ya dawa yenye chumvi za shaba inageuka nyeusi yenye bluu ndani yake, weusi ambao hauna mwingine. Shibuichi ni shaba na fedha, inatoa kijivu cha ukungu, wakati mwingine inaelekea kwenye kijani. Hiyo rangi ni utando mwembamba sana wa juu, kwa hiyo yule mtu wa kung'arisha vitu kwa dawa ya masufuria akae mbali kabisa, ukiung'oa umeua kitu na kukirudisha ni kazi ya fundi. Kwenye hii droo kuna kashira moja ambayo mtu kaisugua, mzee kaiweka makusudi pembeni ya nzima, hasemi kitu.

Kulikuwa na fuchi ya shakudo yenye nanako, zile nukta ndogo ndogo zilizojaa uso mzima kama mayai ya samaki, kila moja imepigwa peke yake kwa patasi yenye ncha ya kikombe. Ukiweka lensi mistari inakwenda imenyooka, inapinda na mduara wa fuchi bila kupotea hata safu moja, unabaki unajiuliza huyu mtu alikuwa anapumua saa ngapi. Shakudo yenye nanako na dhahabu juu yake ndiyo lugha ya ukoo wa Goto, walioanza na Yujo aliyekuwa chini ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa kwenye karne ya 15 na wakaendelea vizazi 17, na mambo ya rasmi ya ikulu ya shogun enzi za Edo yalivaliwa vitu vya aina yao. Kiukweli mimi Goto hunichosha kidogo. Dragoni, simba, dragoni tena, kila kitu kimenyooka. Nawaheshimu lakini moyo wangu uko kwa fundi Yokoya Somin aliyetoka kwenye utaratibu ule akaanza kukata chuma kwa tindo kana kwamba anachora kwa brashi ya wino, mstari upande mmoja unaingia kwa kina upande mwingine unatoka taratibu. Na kwa Yasuchika wa kundi la mafundi liitwalo Nara pia, yule alikuwa na utani.

Menuki zilinifurahisha kwa sababu nyingine. Zinalazwa na uso juu kila mahali, hapa mzee amezilaza baadhi kifudifudi. Na ni kweli mgongo ndio unaoongea, menuki nzuri ya zamani imegongwa kutoka nyuma kwenye bati jembamba, kwa hiyo nyuma ni shimo lenye alama za kugonga zinazofuata umbo la mbele, ukiona nyuma kumejaa na kumelala bapa kama sahani uanze kuuliza maswali. Kulikuwa na jozi ya kereng'ende wa shaba na dhahabu, mdudu aliyependwa na samurai kwa sababu waliamini anaruka kwenda mbele harudi nyuma, nyuma yake kazi safi mno, na nikaiacha kwa sababu mabawa ya mmoja yameungwa upya kwa risasi na bei haikuwa imeshuka kufidia hilo. Hapo sikukubaliana na mzee na yeye wala hakubishana, akairudisha tu kwenye droo.

Suala la saini na vyeti. Kuna tsuba yenye saini ya fundi Soten wa mji wa Hikone, wale watu wa stori za Kichina zenye watu wengi na miti na maporomoko, dhahabu kila mahali. Saini hiyo imeigwa na wanafunzi na waigaji kiasi kwamba peke yake haikuambii chochote. Nikamuuliza mzee kwa ule mkalimani wa kwenye simu, hii saini ni ya kweli? Akafikiria, akaandika, simu ikasema: "Chuma ni cha kweli." Nilicheka kwa sauti. Bei yake ilikuwa ya chuma pia, sio ya jina, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa.

Vitu vyake vichache vina cheti cha NBTHK, ile jumuiya ya kuhifadhi panga za sanaa iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo wenye makumbusho ya panga pale Ryogoku. Madaraja ni Hozon, juu yake Tokubetsu Hozon, halafu Juyo na Tokubetsu Juyo ambazo hapa hutazikuta wala usiulize. Cheti kinasaidia, hasa ukitaka kuja kuuza, lakini uangalie tarehe, vile vya mfumo wa zamani kabla ya 1982 vingine havina sifa nzuri. Tsuba yenye Hozon hapa ilianzia kama yeni 200,000 na kwa macho yangu mbili kati ya hizo zilikuwa kazi ya kawaida kabisa iliyobebwa na karatasi. Ushauri wangu, kabla ya kuja upite makumbusho ya taifa pale Ueno na hayo ya Ryogoku, ukishaona kazi bora yenyewe macho yanakuwa na kipimo, ukifika kwenye droo hudanganyiki kirahisi.

Sasa mabaya. Taa. Jamani taa! Duka la kuuza vitu ambavyo thamani yake yote ni rangi ya weusi halafu umefunga tyubu nyeupe ya dari inayotetemeka, shakudo inaonekana kama plastiki, ikabidi nihamie dirishani na mzee akanifuata kwa macho muda wote. Bei hazijaandikwa kwenye vitu, ni mpaka uulize, na yeye anafungua daftari, sipendi huo mtindo ingawa nilipolinganisha na mtu mwingine aliyekuwepo tuliambiwa bei ileile. Kadi hawapokei, ni keshi tu. Na boksi la mbao la kuhifadhia linauzwa pembeni, lile laini la mti wa kiri, nadhani kwa mtu anayelipa 85,000 lingeweza kutolewa bure, ila sawa.

Badala ya boksi alinipa kipande cha pembe ya kulungu, akanionyesha namna ya kusugua sehemu zenye kutu jekundu taratibu bila kugusa rangi ya chini, halafu unamalizia na kitambaa kikavu cha pamba kila siku kidogo. Hakuna msasa, hakuna mafuta ya kulainisha nati, hakuna kuharakisha. Kutu la kwenye kona ya bawa limeshaanza kuondoka.

Risiti anaandika kwa mkono na anaeleza kitu kilivyo pamoja na kasoro zake, omba hiyo hata kama unaona haraka maana utaihitaji kwenye forodha. Nyota nne, akibadilisha ile tyubu naongeza ya tano.