Biskuti za kujaza: tende au jemu ya nanasi?

Idi ikikaribia, mjadala huu hurudi. Kwa bei, nanasi la msimu ni nafuu, ila hesabu pia sukari na gesi: jemu lazima ikauke mpaka ukiburuta mwiko uone chini ya sufuria. Ikibaki na maji, huchemka ndani ya oveni, hupasua biskuti na kugandia kwenye trei. Tende hazina usumbufu huo. Toa kokwa, ponda na samli kidogo na iliki, viringisha, jaza. Hazivuji, na biskuti hukaa siku nyingi bila kulainika.

Kwa ladha, nanasi! Uchachu wake hukata utamu.

Unaoka za kuuza au kumpelekea mtu safarini? Tende. Zitaliwa leo na wageni? Nanasi.