Fitingi za Hewa kwa Kiwanda cha Samaki: Tazama Ndani Kabla ya Kulipa

Mwaka jana nilinunua Kampala fitingi 40 za hewa (viungio vya paipu za hewa ya kompresa) kwa ajili ya mashine za kufungashia minofu ya sangara, katika kiwanda kilicho kando ya Ziwa Victoria ambako ninasimamia matengenezo. Mwuzaji alisema ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na mwili wa kila fitingi ulikuwa stenlesi kweli. Baada ya miezi minne ya kuoshwa kila usiku kwa povu lenye klorini, paipu zilianza kuchomoka zenyewe. Nilipoikata fitingi moja kwa msumeno nilikuta mwili ungali unang'aa, lakini pete ya meno inayoshika paipu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikamegeka kwa ukucha, na oringi, yaani pete ya mpira inayozuia hewa kuvuja, ilikuwa imejaa nyufa.

Kwa hiyo sitazungumzia kipenyo wala shinikizo, ambayo kila fundi huyajua. Uliza pete ya meno ni ya chuma gani na oringi ni ya mpira gani. Mpira wa NBR, ambao ndio wa kawaida, huharibiwa na klorini. Mpira wa FKM huistahimili vizuri zaidi pamoja na mafuta ya kompresa, ila hudhoofishwa na kostiki soda ya moto. Mpira wa EPDM huivumilia kostiki hiyo, lakini huvimba ikiguswa na mafuta yanayosafiri na hewa. Usitambue aina ya mpira kwa rangi, kwa maana FKM huweza kuwa nyeusi, kahawia au kijani.

Nafasi ya kwanza ninaipa fitingi ya KQG2 ya kampuni ya SMC, ambayo mwili wake ni stenlesi 316 na oringi yake ni FKM. Daraja la 316 lina molibdeni asilimia 2 hadi 3, metali ambayo husaidia kuzuia klorini kuchimba vishimo ambavyo stenlesi ya daraja la 304 hupata mapema. Ya pili ni CRQS ya kampuni ya Festo, ambayo pia ni ya stenlesi, ingawa mkono wangu umezoea zaidi ile ya kwanza. Ya tatu ni fitingi ya plastiki ya polipropilini, inayofaa mahali penye kemikali kali lakini pasipo joto wala kugongwagongwa. Fitingi ya shaba ya njano iliyopakwa nikeli ibaki kwenye ghala kavu. Karibu na mitambo ya barafu inayotumia amonia usiifunge kabisa, kwa sababu amonia huipasua.

Kinachoniudhi ni kwamba tunatozwa bei ya stenlesi kamili kwa kitu ambacho ni stenlesi nje tu, na ukiomba karatasi ya vipimo unaambiwa kuwa wateja wengine hawaulizi. Siku hizi ninaingia dukani na tochi ndogo na kipande cha paipu ya milimita 8, na mwuzaji asiyeniruhusu kufungua mfuko mmoja nimulike meno ya ndani hapati oda yangu.